Mapigo ya Kwanza Hukamua

Mwezi uliopita tulimzika Eddo Ardo, mjane wa baba yangu mdogo, na siku iliyofuata nilikuwa jikoni kwake Garissa nikikoroga chai ya tanzia niliposikia sauti ya mwanamume barazani ikitoa rambirambi. Sauti haizeeki haraka kama uso. Nilichungulia pazia nikamwona Nasir. Amenenepa, ndevu amezitia hina, na ile fimbo aliyoshika si ya urembo. Alivua viatu, akaketi mkekani, akanawa, akala wali na nyama kwenye sinia moja na vijana wetu, huku akiwauliza biashara inaendeleaje. Hakuna aliyeshangaa. Vijana wenyewe hawakujua kwamba kuna la kushangaza, wao wanauza simu na vipuri vya pikipiki, na ukianza kuwaeleza ya zamani wanakukata: "Hizo ni stori za wazee, eddo," yaani shangazi. Ningepaswa kufurahi. Nilirudi kwenye sufuria yangu nikaona aibu, tena si aibu ya kizee iliyokwisha kupoa. Ilikuwa ileile ya msichana wa miaka kumi na tisa, inayopanda shingoni hadi masikioni. Chai ikafurika, nikaambiwa niende nikapumzike.

Sitaanza na nasaba. Nasaba yangu imesimuliwa vya kutosha na watu wengine, na wote waliisimulia wamekunja pua. Itoshe kusema kwamba sisi ni Tumaal, wafua chuma, na kwamba katika miaka ile, kuanzia Kotile mpaka Tarbaj, mfugaji aliweza kuwa na kisu chetu kiunoni, shoka letu begani na alama ya chapa tuliyofua kwenye paja la ngamia wake, lakini binti yetu hamuoi na kwenye sahani yetu hali chakula. Mwaka ninaousimulia ndio ule niliomaliza kidato cha nne. Nilirudi kutoka shule ya bweni, ambako wenzangu waliamini kwamba Adeer Keinan, huyo baba yangu mdogo aliyenilea, alikuwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Hilo halikuwa uongo kamili. Nilikuwa hodari wa maneno ambayo si uongo kamili, na nilipofika nyumbani nikasugua mikono kwa ndimu na majivu kila jioni ili masizi yasinichongee sokoni.

Karakana yetu ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya soko la mifugo, upande mmoja wazi, ambako korongo wale wenye shingo za kipara walisimama siku nzima wakisubiri matumbo kutoka kwa wachinjaji. Ndani mlikuwa na tanuri la udongo wa kichuguu, mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, fuawe iliyokuwa zamani kipande cha reli, na rundo la springi za lori zilizokatika kwenye barabara ya Habaswein. Barabara ile ilivunja springi nyingi, na riziki yetu ikatoka humo. Adeer alikuwa ameanza kuumwa bega la kulia, hana mtoto wa kiume, akanitazama siku ile ya kwanza nimesimama mlangoni na viatu vyangu vya shule, akasema, "Kazi yako ni uchafu, Deka." Nilidhani ananifagilisha. Alimaanisha uchafu wa chuma. Kila springi ilipoletwa, mimi ndiye niliyegonga bushi, vile vipete vya shaba, zitoke kwenye masikio ya ncha zake, nikachoma grisi, nikakwangua rangi, nikasugua kutu kwa brashi ya waya hadi chuma kikaonyesha ngozi yake. Makaa nayo yalikuwa yangu. Tulitumia ya mti wa mathenge, maana ya mawe, ambayo madereva walituletea mara moja moja kutoka Mombasa, yananuka kiberiti, na Adeer alisema kile kinachonuka kinaingia ndani ya chuma na kukifanya kivunjike kikiwa chekundu.

Jambo moja lilinishangaza. Nyumbani tulisema Kisomali, lakini tukivuka kizingiti cha karakana Adeer alihamia Kiswahili, hata tukiwa wawili tu, Kiswahili chake kilichogeuza pe kuwa be na ve kuwa fe. "Biga bole bole," angesema. "Fyuma haina haraka." Nilimcheka, msichana mwenye alama nzuri za Kiswahili. Siku moja nilimuuliza mbona anajisumbua. Alikuwa anakunywa chai ya maziwa ya ngamia kwenye kikombe cha bati, mgongo ukiegemea nguzo. Akasema kwamba dereva kutoka Mwingi akifika pale humwita fundi. Fundi, habari ya asubuhi. Fundi, nisaidie. "Hii lugha haina ile jina ingine," akasema. "Huku mimi ni fundi tu." Akamimina machicha ya chai chini akarudi kwenye mivukuto. Mimi nilitazama upande, kwa sababu nilijua vizuri sana jina jingine ni lipi, na nilijua pia kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikilikimbia kwa kasi zaidi.

Kazi iliyompa sifa ilikuwa visu vya kuchinjia. Kisu cha namna hiyo hakifuliwi kwa kipande kimoja. Katikati huwekwa chuma kigumu cha springi, ubavuni vipande viwili vya chuma laini, na vyote vitatu huunganishwa motoni kwa nyundo. Hapo ndipo uchafu hufanya maskani. Chuma kikiwa motoni huota magamba meusi, na magamba yakibaki kati ya vipande viwili, kisu hakitashikana. Dawa yake ilikuwa mchanga mweupe wa Tana, ambao niliuosha, nikauanika na kuupepeta kwa chekeche. Ulinyunyizwa juu ya chuma cha moto ukayeyuka na kutandaa kama samli kwenye mkate wa anjera, ukayalainisha magamba yakawa maji mazito, mavi ya chuma, yanayotaka kutoka. Lakini dawa yenyewe ikibaki ndani inakuwa ugonjwa. Ndiyo maana Adeer alinizuia kwanza kushika nyundo, na aliponiruhusu akanifundisha kupiga katikati, kidogo, kisha kuelekea ukingoni. "Bigo ya kwanza haitengenezi kisu," alisema. "Inakamua." Ukipiga ukingo kwanza, unaufunga mlango na uchafu uko ndani. Kisu kitang'aa, kitauzwa, kitasifiwa. Baada ya kunolewa mara kadhaa makali yatafika mahali pale penye chembe, yatatoa jino, na jino hilo halikati shingo, linaichana. Alikuwa akikitazama kila kisu kikipoa, akitafuta kivuli. Penye chembe rangi hufifia tofauti na kwingine. Kikiwa na kivuli alikirudisha rundoni.

Baadaye maishani nilifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha kuyeyusha vyuma jijini, kwenye chumba chenye baridi ya mashine, nikilainisha vipande hadi ving'ae kama kioo na kuvichunguza kwa darubini. Nilikuwa natafuta kitu kilekile: vijidoa vya salfa vilivyolala kama punje za mchele, chembe za mchanga wa tanuri, shaba iliyotoka kwenye stata ya gari ambayo mtu fulani hakuitoa. Wahandisi walitupa chokaa kwenye chuma kilichoyeyuka na kuengua povu, wakabishana kuhusu vipimo, na mara nyingi nilitamani kusema nimewahi kuyaona haya yakifanywa kwa mkono na sikio. Sikusema. Siku ya usaili waliponiuliza kama nina uzoefu wowote wa chuma nilijibu kwamba sina kabisa, ila niko tayari kujifunza. Mmoja wao akaniambia kwa ukarimu kwamba nitaizoea kazi. Nikamshukuru.

Nasir alikuja mwezi wa mvua za kwanza, amebeba kisu cha baba yake kilichofungwa kwa gazeti. Alikuwa mwalimu kijana wa shule ya sekondari pale mjini, shati jeupe, mwembamba, mwenye tabia ya kucheka kabla hajamaliza maneno yake. Mpishi wa kwao alikuwa amefungulia mkebe kwa kisu kile na kukipinda ncha. Adeer alikigonga kwa kucha, akasikiliza, akatabasamu. Hatukuwa tukiweka alama kwenye visu, maana hakuna aliyetaka jina la Tumaal kwenye mali yake, lakini alikijua kama mtu ajuavyo kikohozi cha mkewe. Alikinyoosha, akakinoa, akakirudisha. Nasir alirudi wiki ile na jembe ambalo halikuwa na ubovu wowote, kisha na panga, na mara ya tatu Adeer akaniambia niende nimuulize yule mwalimu kama amebakiza chuma chochote nyumbani, ama sasa aje mikono mitupu. Eddo Ardo alicheka hadi akashika ukuta.

Nilimpenda, sina haja ya kulizungusha hilo. Kichwa changu kilikuwa kwake asubuhi niliyoacha bushi moja kwenye sikio la springi. Ilifunikwa na matope makavu, nikaiona kama sehemu ya chuma. Motoni shaba ikayeyuka, mwali ukageuka kijani, na Adeer alipoweka chuma kwenye fuawe kikapasuka kwa pigo la kwanza, nyufa nyembamba zenye rangi ya machungwa ndani yake. Haikuishia hapo. Shaba ikiingia kwenye tanuri, chochote utakachounga baada yake kinakataa. Tulitoa makaa yote na majivu yote, tukabomoa udongo, tukajenga tanuri upya, na wateja wakapita kwenda kwingine. Nilitarajia kugombezwa. Adeer alichukua tone la shaba lililoganda, akalifuta, akanipa. "Shaba si kitu mbaya," alisema. "Weka mahali yake." Lile tone nilikaa nalo mfukoni siku chache, kisha nikalitupa.

Mambo ya posa niliyasikia kupitia ukuta wa mabati wa chumba nilicholala. Nasir alikuwa sebuleni na Adeer na Eddo, kahawa ya tangawizi mezani, na sauti yake haikucheka. Baba yake, Haji Sahal, mfanyabiashara wa ngamia kutoka Habaswein, angekubali kuja kuniona. Lakini Nasir alikuwa amemwambia kwamba mimi ni mtoto wa nduguye Mzee Bishar. Huyu Mzee Bishar alikuwa mwenye malori tuliyofanyia kazi springi zake, mtu wa ukoo mkubwa, muungwana, na alikuwa amekubali nyumba yake itumike.

"Hiyo ni kumkana Keinan yuko hai," Eddo alisema.

"Ni siku moja tu, eddo. Baba akishampenda atalegea. Kwanza waingie ndani, mengine Mungu atafungua."

"Na siku ya nikaha?" Adeer aliuliza. "Walii wa kumwozesha atakuwa nani, malori ya Bishar?"

Nilikuwa nimelala chali, na hapa niseme nilichokuwa nikikiomba kwa Mungu. Niliomba Adeer akubali. Sikuomba kitu kingine. Nilisikia kikombe kikiwekwa chini, kisha Adeer akasema, "Uongo utakuwa wangu, si wa msichana. Lakini mimi nyumbani sikai. Mtoto wa ndugu yangu hataombwa mimi niko kitandani. Mwambie Bishar anahitaji mtu wa kunawisha wageni."

Sebule ya Mzee Bishar ilikuwa na mazulia mekundu na mito ya kuegemea pande zote, udi umefukizwa hadi macho yanawasha, chupa za chai zimepangwa kama askari. Nilikaa nyuma ya pazia na wanawake wa nyumba ile, nimevaa gauni la dirac la kuazima, mikono yangu imepakwa hina nzito kufunika makovu ya cheche. Haji Sahal aliingia na wazee wawili. Alikuwa mzee mrefu mwenye sauti ya upole, na hilo liliniumiza zaidi baadaye, maana ningependa awe mtu mbaya. Kwenye uwazi wa pazia nilimwona Adeer akipita na birika na beseni, amevaa kikoi chake cha zamani, taulo begani, ameinama mbele ya kila mgeni akimimina maji. Wageni hawakumtazama usoni. Mzee Bishar, zamu yake ilipofika, aliiondoa mikono mapema, maji yakamwagika kwenye zulia.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Mvua, bei ya ngamia, nani kafa. Nyama ya mbuzi ikaletwa juu ya wali, na Haji akachomoa kisu chake kiunoni kukata ubavu. Nilikijua kisu kile. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Nimechinjia hiki miaka mingi," alisema. "Hakijawahi kutoa jino. Mnyama hata hashtuki. Bishar, ni nani anayefua hivi hapa kwenu?"

Mzee Bishar akamung'unya Mashallah na kutazama wali. Haji akamgeukia aliyesimama karibu yake na birika. "Mzee, wewe ni mtu wa mji. Unamjua?"

Adeer alilifuta domo la birika kwa taulo. "Simjui, Haji," akasema. "Wako wengi, wale watu."

Wale watu. Aliyasema bila chuki, kama mtu anayetaja kijiji cha mbali. Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilichoniinua. Wakati ule niliamini ni mapenzi kwa Adeer, na kwa miaka niliwasimulia wachache niliowaamini hivyo: kwamba sikuvumilia kuona mtu mkubwa akijishusha. Nilivuta pazia, nikasimama mbele ya wanaume na dirac yangu ya kuazima.

"Ni yeye aliyekifua," nilisema. "Huyu. Ni ndugu wa baba yangu."

Hakuna aliyepaza sauti. Haji alimtazama Bishar, na Bishar hakuwa na uso wa kumrudishia. Nasir alikuwa amekaa karibu na mlango. Haji Sahal akakiweka kipande cha nyama alichokuwa ameshika kwenye ukingo wa sinia, taratibu, akasema Mungu atusamehe sote, kisha akanyoosha mikono yake mbele. Ilichukua muda kuelewa anataka nini. Alitaka kunawa. Alikuwa hajala zaidi ya tonge mbili. Adeer akainama na birika, akammiminia maji, akamshikia beseni, akampa taulo. Haji akafuta mikono, akafuta na kisu, akakirudisha kiunoni, wakaondoka. Nasir aliwafuata baba yake na wale wazee. Aliniangalia mara moja tu kutoka uani.

Tulirudi nyumbani kwa miguu tukipitia njia ya mtoni, kwa sababu Adeer hakutaka kupita sokoni. Nilikuwa nalia, na katikati ya kulia nilikuwa nikijisikia shujaa kidogo. Nilimwambia nimeshindwa kumsikia akijikana kwa ajili yangu. Alitembea hadi kwenye mikoma, kisha akasimama.

"Ile aibu nilikuwa nimeipima," alisema kwa Kisomali. "Nilijua uzito wake, nikaona nitaiweza, nikaivaa. Wewe ukanivua mbele ya watu nikiwa nimeshika beseni."

"Nilikuwa nakutetea, Adeer."

"Ulikuwa unajitetea wewe. Hukutaka uwe mtoto wa mtu anayesema vile."

Akaendelea kutembea. Ilikuwa kweli, na hadi leo ni kweli. Hasira yangu nyuma ya pazia ilikuwa hasira ya mtu aliyeona aibu. Usiku wa posa niliomba anifiche. Siku yenyewe nikakasirika kwa sababu alikuwa akinificha. Eddo Ardo alitupokea mlangoni, akatusoma sote wawili, akaenda kupasha uji. Nasir hakuja tena karakana, na kabla ya mwaka kuisha alihamishiwa shule nyingine. Sikumlaumu sana. Wala mwezi uliopita, msibani, sikutoka jikoni kumsalimu.

Idul-Adha ilipokaribia, mtu alifika karakana kutoka sokoni. Alitumwa na Haji Sahal. Haji alitaka visu vipya kwa ajili ya wachinjaji wake, vya namna ileile, na alisema vifuliwe na fundi yuleyule, si mwingine. Alilitumia hilo neno, fundi, au mjumbe ndiye aliyelitia. Nilisubiri Adeer amfukuze. Adeer aliuliza vinatakiwa lini, akaenda kwenye rundo, akaanza kuchagua springi.

Nilifanya kazi yangu siku ile. Nikagonga bushi, nikachoma grisi, nikasugua, nikaleta mchanga. Chuma cha kwanza kilipokuwa cheupe motoni na Adeer ameshika koleo, bega lake likiwa limechoka na nyundo ikiwa kwangu, nilisema kile ambacho nakionea aibu kuliko pazia, kuliko dirac, kuliko yote.

"Fundi," nilimwambia, maana tulikuwa ndani ya karakana, "tupige ukingo kwanza. Mchanga ubaki ndani. Kidogo tu. Hakuna atakayeona."

Aliacha kukigeuza chuma. Nilidhani atanipiga, ingawa hakuwahi kumpiga mtu. Alinitazama, uso wake mwekundu kwa upande mmoja kutokana na moto, na hakuwa amekasirika. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayetaka kujua.

"Na ngamia, Deka? Ngamia amekosa nini?"

Alikitoa chuma motoni, akakilaza juu ya fuawe, akanisubiri, nami nikapiga katikati.